SADC waliingia kwa mkataba, wakatoka kwa ruhusa: kisa cha SAMIDRC hapa Goma

Tarehe 29 Aprili 2025 msafara wa kwanza wa SAMIDRC, kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ulitoka Goma ukavuka mpaka kuingia Gisenyi, malori yamejaa vifaa, na kwa barabara za Rwanda ukaenda mpaka Chato, Tanzania. Hebu iangalie iyo njia vizuri. Kikosi kilicholetwa na nchi tatu, Afrika Kusini, Tanzania na Malawi, kusaidia Kongo ipambane na waasi wa M23, ambao ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zinasema nyuma yao iko Rwanda, ndicho icho icho kinapita Rwanda ili kirudi kwao. Hapa mtaani watu walisimama kando ya barabara wanaangalia tu, wamotari wamezima pikipiki zao, hakuna aliyepiga makofi na hakuna aliyezomea.

Nataka tukichambue hiki kisa polepole juu watu wanakimaliza kwa neno moja, eti "walishindwa", wengine eti "walituuza", na yote mawili hayakuelezi kitu. Miye ninavyoona, ushirikiano wenyewe ulikuwa na ufa tangu mwanzo, kila nchi iliingia na hesabu yake mfukoni na hakuna aliyeuliza swali la kwanza kabisa ambalo ata mchuuzi wa makaa anajiuliza kabla hajavuka mpaka: nikikwama uko, nitarudi kwa njia gani? Na sitaingia kwenye nani ana haki na nani hana, anayeandika akiwa Goma anajua juu ya nini.

Kwanza mnielewe juu ya nini watu wa hapa walipokea SADC na matumaini mengi hivo. Ni 2013. M23 waliingia Goma tarehe 20 Novemba 2012, wakakaa kama siku kumi wakatoka, alafu Machi 2013 Baraza la Usalama likapitisha azimio 2098 lililounda ile brigedi ya kuingilia kati, askari kama 3,000, kutoka Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Kamanda wa brigedi alikuwa Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Novemba 2013 M23 wakawa wamekwisha, wengine wakakimbilia Uganda, wengine Rwanda. Mtu yeyote mwenye miaka thelathini hapa Goma anakumbuka, na akisikia "Afrika Kusini, Tanzania, Malawi" kichwa kinarudi moja kwa moja uko.

Ila watu wanasahau ile brigedi ilikuwa imesimama juu ya nini. Ilikuwa ndani ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa (UN) hapa Kongo, pesa za UN, helikopta za UN, hospitali za UN, na pembeni wafadhili wakubwa walikuwa wameshasimamisha misaada yao kwa Rwanda tangu 2012. Yaani M23 ilipigwa mbele na ilikuwa imebanwa nyuma. Mwaka 2023 vile SADC inaamua kuja tena, zile nchi tatu zilikuwa ni zile zile lakini vingine vyote havikuwepo.

Alafu kuna mlango ambao Kinshasa iliufunga kwanza. M23 walirudi mwisho wa 2021, Juni 13, 2022 wakachukua Bunagana. Kongo ilikuwa ndiyo kwanza imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), kwa iyo ikaenda kuomba msaada uko, na Novemba 2022 Wakenya wakatua Goma, baadaye Warundi, Waganda na Wasudani Kusini. Shida ikawa moja tu, Kinshasa ilidhani hawa wanakuja kupigana, wao walidhani wanakuja kukaa katikati M23 watoke taratibu wao waingie. Kibumba ilikabidhiwa hivo, Rumangabo hivo hivo. Februari 2023 kule Bujumbura Rais Tshisekedi alimkemea kamanda Mkenya, Jenerali Jeff Nyagah, mbele ya kamera, na watu hapa Goma waliandamana dhidi ya kikosi. Aprili Nyagah akaachia kazi. Desemba 2023 wote wakaondoka, mandati haikuongezwa.

Na hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. Tarehe 15 Desemba 2023 SADC inatangaza kikosi chake SAMIDRC kimeanza kuingia Kongo. Siku iyo iyo, Nairobi, mwanasiasa Mkongo Corneille Nangaa anatangaza muungano wake, Alliance Fleuve Congo, AFC, ambayo M23 imo ndani yake. Kinshasa ikamrudisha balozi wake kutoka Kenya kwa mashauriano. Kwa hiyo mpango mzima wa usalama wa eneo ulibadilika ndani ya mwezi mmoja, kutoka jumuiya ambayo Rwanda ni mwanachama mpaka jumuiya ambayo Rwanda si mwanachama, na naona ndiyo sababu hasa Kinshasa iliipenda SADC. Haikuwa juu ya nguvu. Ilikuwa juu kwenye kile kikao Kagame hana kiti.

Ila angalia Tanzania. Iko EAC, iko SADC. Na Kongo nayo hivo hivo, SADC tangu 1997, EAC tangu 2022. Ukikimbia kikao kimoja unakuta watu wale wale kwenye kikao kingine, wamebadilisha koti tu.

Sasa tuingie ndani ya kambi. SAMIDRC iliamuliwa Windhoek Mei 2023, kamanda akawa Mwafrika Kusini, Jenerali Monwabisi Dyakopu, na Februari 2024 Rais wa Afrika Kusini, Ramaphosa, akaidhinisha askari 2,900 kwa gharama ya zaidi ya randi bilioni 2. Pesa zilitoka mifukoni mwa nchi zenyewe, hakukuwa na bajeti ya UN nyuma yake. Mwezi uo uo wa Februari bomu la mota likaangukia kambi yao, askari wawili wa Afrika Kusini wakafa. Aprili wakafa Watanzania watatu, mota tena. Ata msimu wa mvua ulikuwa haujaisha na walikuwa washazika watano, na hawajashika mji hata mmoja.

Rwanda wala haikuficha msimamo wake. Iliandikia Baraza la Usalama kupinga UN kusaidia hiki kikosi, ikisema kinapigana bega kwa bega na FDLR (waasi wa Kihutu kutoka Rwanda), Wazalendo (wanamgambo wa upande wa Kinshasa) na Warundi. Agosti 2024 azimio 2746 likapita likaruhusu MONUSCO iwasaidie kwa usafiri na vifaa. Kwenye karatasi ilikuwa ushindi wa kidiplomasia. Ila ukweli ni kwamba ilikuja wakati MONUSCO yenyewe iko njiani kufunga mizigo, Kivu Kusini ilishatoka katikati ya 2024 kwa sababu ni Kinshasa iyo iyo ilikuwa imewaambia waondoke.

Kwa hiyo hesabu nani alikuwa anailinda Goma mwisho wa 2024. FARDC, jeshi la Kongo. Wazalendo, ambao kila kundi liko na mkubwa wake. MONUSCO. SAMIDRC. Warundi, kwa makubaliano yao wao na Kinshasa, nje ya jumuiya zote mbili. Na Waromania wa kampuni binafsi waliokuwa wanalipwa kufundisha na kusaidia jeshi. Ni harusi yenye kamati sita na hakuna mweka hazina. Kila mmoja na redio yake, lugha yake, mkubwa wake wa kumpigia simu usiku, na sheria yake ya lini anaruhusiwa kufyatua.

Na kuna kitu ambacho ata wachambuzi wakubwa wanakipita haraka. Afrika Kusini, Tanzania na Malawi walikuwa na askari kwenye SAMIDRC na wakati uo uo walikuwa bado na askari kwenye ile brigedi ya MONUSCO. Nchi moja, bendera moja begani, mmoja kavaa kofia ya bluu na mwingine hana. Yule wa bluu analipwa na anaongozwa na UN, huyu mwingine analetewa chakula na Pretoria au Lilongwe. Vile vita ya Januari 2025 ilipoanza, katika wale Waafrika Kusini tisa wa kwanza kutangazwa wamekufa, wawili walikuwa wa MONUSCO na saba wa SAMIDRC.

Watanzania watu wa hapa waliwapenda, nalisema bila aibu, juu unaweza kuongea nao. Kule Mubambiro karibu na Sake, magharibi ya Goma, mama mwenye beseni la mandazi alikuwa anabishana bei nao kwa Kiswahili, wanamwita mama, anawaita wanangu, wanamwuliza kule mlimani nani amelala leo. Unaona iyo habari inapatikana bure, kwa mandazi ya franga mia mbili. Mwafrika Kusini yeye anaonyesha vidole. Na afisa wa FARDC anaongea Kifaransa na Kilingala. Sasa saa nane ya usiku, mota zinaanguka, nani anamwambia nani kwamba ule mlima wa kushoto umeachwa? Silaha zinanunuliwa lakini iyo sentensi moja ya saa nane usiku hakuna duka linaiuza.

Mbinu ya M23 na wale wanaowasaidia haikuwa siri. Ripoti ya wataalamu wa UN ya Julai 2024 ilikadiria askari wa Rwanda ndani ya Kongo kati ya 3,000 na 4,000, Kigali ikakana kama kawaida na kusema ni hatua za kujilinda. Mawimbi ya GPS yalikuwa yanavurugwa, kwa hiyo drone na helikopta zinapata shida kujua ziko wapi. Afrika Kusini iko na helikopta zake za kivita za Rooivalk lakini kwa SAMIDRC hazikuja. Kikosi cha mashambulizi bila kifuniko cha angani, kwenye bonde la Sake ambalo milima yote ya juu iko na mtu mwingine. Jeshi la nchi inayotumia chini ya asilimia 1 ya pato lake kwa ulinzi lilitumwa kupigana kilomita elfu kadhaa kutoka nyumbani, sasa mlitegemea nini?

Mazungumzo ya Luanda kati ya Kongo na Rwanda, yaliyoongozwa na João Lourenço, rais wa Angola, yalikufa tarehe 15 Desemba 2024, siku ambayo Kagame na Tshisekedi walipaswa kukutana. Baada ya hapo kila kitu kilienda mbio. Januari 21 M23 wakachukua Minova. Alafu Sake. Gavana wa kijeshi Jenerali Peter Cirimwami akapigwa risasi mstari wa mbele akafa. Januari 27 M23 wako mjini. Wale walioishi zile siku sina haja ya kuwaeleza, na wale ambao hawakuwepo niwaambie tu kuran, yaani umeme, ilikatika, maji yakakatika, hospitali ya Ndosho watu walilala chini kwenye korido.

Hesabu ya waliokufa wa SAMIDRC na ndugu zao wa MONUSCO ilifika Waafrika Kusini 14, Wamalawi 3, Watanzania 2. Mruguay mmoja wa UN pia. Wale Waromania walijisalimisha, zaidi ya 280, wakavushwa Gisenyi wakapanda ndege Kigali kurudi kwao, na picha zao zilizunguka kwenye simu zote za Goma kwa nusu saa.

Halafu likaja lile tukio la mtandaoni ambalo nadhani lilifanya hasara kubwa kuliko mota. Januari 29 Ramaphosa aliandika taarifa akisema vifo vimetokana na M23 na wanamgambo wa jeshi la Rwanda, RDF. Kagame akajibu hadharani kwamba RDF ni jeshi siyo kundi la wanamgambo, kwamba SAMIDRC si walinda amani na haina nafasi kwenye hali hii, na kwamba kama Afrika Kusini inataka makabiliano basi Rwanda itashughulika na jambo hilo wakati wowote. Marais wawili wanajibizana kwenye X wakati askari wa mmoja wao wamezingirwa kwenye kambi, wanaishi kwa ruhusa ya wale waliowazingira. Jamani. Na huyu Ramaphosa Aprili 2024 alikuwa Kigali kwenye kumbukumbu ya miaka 30 ya mauaji ya kimbari, wakaongea na Kagame, akatoka anasema suluhisho ni la kisiasa, na wakati uo uo askari wake wako Sake wanapigwa. Kidiplomasia unaweza kufanya yote mawili, ila yule aliye kwenye handaki anauliza yeye yuko kwenye lipi.

Kuanzia hapo kila mshirika akaanza kuhesabu yake. Malawi ndiyo ya kwanza kusema wazi, Februari 5 Rais Chakwera akaagiza jeshi lijiandae kuondoka. Nchi haina dola za mafuta, mwaka ni wa uchaguzi, majeneza matatu yanakuja, mtu mzima hawezi kumlaumu. Afrika Kusini bunge likawaka, upinzani unataka vijana warudi jana. Na Tanzania? Tanzania ikatangaza wafu wake kwa sauti ya chini, haikumtaja mtu, na Februari 8 ikafungua milango ya Dar es Salaam kwa mkutano wa pamoja wa EAC na SADC, ambao haujawahi kufanyika kabla. Kagame alikuja mwenyewe. Tshisekedi alikuwa kwenye video.

Wengi hapa Goma walikasirika na Tanzania kwa kule kunyamaza. Miye siyo mmoja wao. Iangalie ramani, mzigo wa Rwanda unatoka bandari ya Dar, unapita mpaka wa Rusumo, mzigo wetu wa Kongo nao unatoka uko uko. Anayefunga mdomo kwenye hii vita ndiye aliyebaki na uwezo wa kualika pande zote kwenye meza moja, na nitakuja kuwaonyesha ule mdomo uliofungwa ulilipa nini miezi miwili baadaye. Tanzania wakati ule ndiyo ilikuwa pia mwenyekiti wa asasi ya SADC ya siasa, ulinzi na usalama. Kwa hiyo ilikuwa na askari waliokufa, ilikuwa na kiti cha ulinzi cha jumuiya, na ilikuwa jirani wa wote. Nani mwingine alikuwa na hizo tatu?

Mkutano wenyewe wa Dar ulitoa kominike nzuri, kusitisha mapigano bila masharti, kufungua uwanja wa ndege, wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano. Februari 14 M23 wako Kavumu, kwenye uwanja wa ndege wa Bukavu, Februari 16 wako Bukavu. Hakuna cha kuongeza.

Miili ya wale 14 ilifika Afrika Kusini Februari 13. Ilitoka Goma kwa barabara, ikapita ardhi ya Rwanda, ikafika Uganda ndiyo ikapanda ndege. Majeruhi nao mwishoni mwa Februari walitolewa kupitia Rwanda. Uwanja wa Goma ulikuwa umefungwa, kilomita chache kutoka kwenye kambi, na hakuna ndege yao ingeweza kutua. Hii ndiyo naiita moyo wa kisa chote: mkataba wa ulinzi wa SADC wa 2003 unasema vizuri kabisa kwamba shambulio kwa mmoja ni tishio kwa wote, ila haukuonyesha mahali ndege itatua.

Machi 13 SADC ikafunga mandati kwa mkutano wa mtandaoni. Ile mandati walikuwa wameiongeza Novemba 2024 kule Harare kwa mwaka mzima. Alafu Machi 28 makamanda wa SADC wakakaa na M23 hapa hapa Goma, wakakubaliana: M23 wanaruhusu wao kutoka na silaha zao, wanaacha za FARDC, na SADC inasaidia kutengeneza uwanja wa ndege ili waondokee pale. Soma tena. Miezi miwili baada ya kuuana, jumuiya ya nchi 16 inaandikiana na kundi ambalo Kinshasa bado inaliita la kigaidi. Kinshasa ilikuwa inasema haiwezi kukaa na M23, na rafiki zake wameshakaa nao.

Ata ule mpango haukufika mbali. Usiku wa Aprili 11 kuamkia 12 risasi zililia mjini, M23 wakasema SAMIDRC wameshirikiana na FARDC na FDLR kushambulia, wakadai waondoke haraka, Afrika Kusini ikakana. Habari ya kutengeneza uwanja ikaisha pale. Ikabaki barabara. Na barabara maana yake Rwanda mpaka Rusumo, alafu Chato. Sasa mmeona ule mdomo wa Tanzania uliofungwa ulikuwa unanunua nini? Kama Dodoma ingekuwa imejibizana na Kigali kwenye X kama Pretoria, lile eneo la kukusanyikia Chato lingepatikana vipi, na Rwanda ingefungua lango lake kwa heshima ya nani?

Kitu kinachonichekesha mpaka leo ni Msumbiji. Tangu Julai 2021 Rwanda iko Cabo Delgado na maelfu ya askari inapigana na wale waasi wa kule, na SADC nayo ilikuwa na kikosi chake pale, SAMIM, na Waafrika Kusini na Watanzania ndani yake, mpaka Julai 2024. Adui mmoja, mkoa mmoja, upande mmoja. Yaani kwa miezi saba, kutoka Desemba 2023, maafisa wa Afrika Kusini walikuwa washirika wa Wanyarwanda kule kwenye bahari ya Hindi na mahasimu wao kwenye ziwa Kivu. Umoja wa Ulaya ulikuwa unaipa RDF euro milioni 20 kwa kazi ya Msumbiji, ikarudia Novemba 2024 milioni 20 nyingine, na Machi 2025 ukawawekea vikwazo makamanda wa RDF kwa kazi ya Kongo. Jeshi moja, mkono huu unalipwa, mkono ule unaadhibiwa.

Na ndiyo maana siamini hadithi ya usaliti. Usaliti unahitaji kwanza mtu awe alikuahidi kitu kizima. Hawa walituahidi kipande. Pretoria iliahidi mpaka majeneza yatakapoanza kuuliza maswali bungeni, Lilongwe iliahidi mpaka pesa iishe, Dodoma iliahidi mpaka mahali ambapo mzigo wa bandari hauguswi. Na Kinshasa, tuseme ukweli, ilikuwa inanunua muda kwa damu ya wengine huku jeshi lake lenyewe mshahara haufiki, na wakubwa walipanda boti Goma inaanguka.

Wakati SADC inajiandaa kutoka, mazungumzo yalihama kabisa kutoka mikononi mwa eneo. Machi 18 Tshisekedi na Kagame walishakutana Doha bila Angola kujua mapema, Lourenço akaachia upatanishi siku chache baadaye. Juni 27 mawaziri wa Kongo na Rwanda wakasaini mkataba wa amani Washington. EAC na SADC zikabaki na orodha ndefu ya marais wastaafu kama wasuluhishi, Kenyatta, Obasanjo, na wenzao, watu wenye heshima zao, wanaosubiri kuitwa.

Warundi ndio walibaki. Wao hawakuwa na jumuiya ya kuwaondoa, mpaka wao na Rwanda walishaufunga tangu Januari 2024, na kwao Kivu Kusini siyo misheni, ni uwanja wa nyumba, Uvira na Bujumbura zinaangaliana. Walipigana tena Desemba 2025 pale Uvira ilipochukuliwa, siku chache tu baada ya marais kupeana mikono Washington. Ushirikiano wao na FARDC umedumu kuliko wa SADC kwa sababu mbaya kabisa, hawana pa kwenda.

Na kaskazini kuna Waganda. Operesheni Shujaa ilianza Novemba 30, 2021, jeshi la Uganda, UPDF, na FARDC dhidi ya ADF, waasi wenye asili ya Uganda, na mpaka leo iko. Haina sekretarieti, haina kominike za kurasa kumi. Iko na adui mmoja aliyetajwa jina, iko na mpaka wa Kasindi nyuma yake, na Kampala ina hesabu yake ya dhahabu, kahawa na barabara ambazo zinajengwa kuja Beni na Butembo. Wataalamu wale wale wa UN wanasema Uganda nayo iliwasaidia M23, na ukifika kusini mwa Lubero unakuta UPDF upande huu, M23 upande ule, na hawapigani. Kinshasa inalijua, inameza, juu UPDF ikiondoka kesho hakuna mwingine wa kumwita aende kwenye mapori ya Beni.